Jicho la Ndani ya Kabini

Hoja iliyo mezani ni hii: dereva wa huku kwetu afanyiwe nini hata auamini mfumo wa kumsaidia kuendesha? Nazungumzia breki inayojikanyaga yenyewe gari la mbele likisimama ghafla, kengele inayolia tairi likivuka mstari, kidhibiti mwendo, na ile kamera ndogo juu ya dashibodi inayomhesabia dereva kope. Wasemaji nimewaketisha mwenyewe kwenye benchi nje ya gereji ya Kikula, Likasi, bila majina, kila mmoja aseme kama watu wa kazi yake wasemavyo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Kwa msomaji wa mbali: Barabara ya Taifa namba 1 ya Kongo inafika Likasi baada ya kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, na njia inaendelea hadi Kolwezi. Malori yanateremka na kathodi za shaba na magunia ya kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mengine yanapanda na asidi ya salfa, chokaa na mafuta ya migodini. Barabara hiyo hiyo ndiyo ya minibasi, ya pikipiki, ya baiskeli zilizosheheni makaa na ya watoto wanaotoka shule. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Msimu wa mvua, kuna saa ambapo hata boneti yako huioni vizuri.

SHEFU WA MAGARI: Nianze mimi, kwa kuwa ndiye ninayelaumiwa. Februari 2019 lori la asidi lililokuwa likienda mgodi wa Mutanda liligongana na basi pale Kabwe, mkoa wa Lualaba. Watu takriban 20 walikufa, na si wote waliouawa na mgongano, asidi iliwamwagikia. Baada ya habari kama hiyo, mtu akinipa mzigo ananiuliza kwanza: gari lina GPS? Lina kamera ya usingizi? Na kamera hiyo si uchawi. Inatazama macho; ukiyafumba kupita kiasi, inalia au inatikisa kiti. Caterpillar walishaungana na Seeing Machines ya Australia mwaka 2013 ili kuipeleka kwenye malori makubwa ya migodini. Sasa niambieni, kosa langu liko wapi?

DEREVA: Shefu, kamera haina kosa. Kosa lipo kwenye karatasi ninayoletewa mwisho wa mwezi. Kengele inalia kwangu usiku, asubuhi inalia ofisini kwako, jioni inalia kwenye mshahara wangu.

SHEFU WA MAGARI: Lakini ulisinzia.

DEREVA: Nilisinzia, sikatai. Nilikuwa nimetoka foleni ya Kasumbalesa, nimelala siku kadhaa chini ya trela, sikio moja likisikiliza mzigo. Kamera haikuandika foleni. Iliandika kope. Halafu inaniambia nimechoka. Basi iniambie na pa kusimama! Nikiegesha porini, nani analinda kathodi? Nikifika nimechelewa, nani anajibu? Mwili wangu ulishanipa habari ile zamani, bila betri.

SHEFU WA MAGARI: Kwa hiyo tuitoe?

DEREVA: Sikusema hivyo. Ile inayotazama barabara naipenda. Siku pikipiki ikiniingilia ubavuni na watu wakakusanyika na mawe, ndiyo shahidi wangu. Polisi wa roulage, yule wa barabarani, akinizulia kosa, namwonyesha picha. Ninayoikataa ni ile iliyonigeukia mimi, ninayokaa nayo usiku kucha bila kujua inamweleza nani nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa sikuweza kunyamaza. Kila ninaposikia madereva wetu wakiitwa washamba wasiopenda teknolojia, nakumbuka mambo mawili. La kwanza linatoka Marekani. Mwaka 2017 IIHS, taasisi ya usalama inayogharimiwa na makampuni ya bima, ilikagua magari karibu elfu moja yaliyopelekwa kwenye karakana za wauzaji. Breki ya kujikanyaga ilikuwa imeachwa ikiwaka katika zaidi ya magari 9 kati ya 10. Mfumo wa kuchunga mstari ulikuwa unawaka katika nusu tu. Wamarekani wale wale, magari yale yale: kinachookoa bila kusumbua wamekiacha, kinachowapigia kelele kila dakika wamekizima. Dereva wa Ohio na dereva wa Kikula wanatofautiana barabara tu, hasira ni moja.

La pili liko karibu zaidi. Kenya ilianza kutekeleza Kanuni za Michuki Februari 2004: mikanda kwa abiria wote na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwenye matatu. Barabara zilitulia, kisha miaka ikapita na mafundi wakajifunza waya upi wa kukata. Rwanda mwaka 2015 iliamuru vidhibiti vya kilomita 60 kwa magari ya abiria. Tanzania ina VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini: basi likizidisha mwendo, king'ora kinalia mbele ya abiria na taarifa inakwenda chumba cha udhibiti. Mimi naviunga mkono vifaa hivyo vyote. Lakini hivyo ni askari. Askari hahitaji umwamini, anahitaji umtii. Tatizo la shefu wetu ni kwamba ameweka askari na msaidizi ndani ya kisanduku kimoja, akakibandika jina la msaidizi, kisha anashangaa dereva anakitendea kama askari.

SHEFU WA MAGARI: Mbona roboti wa barabarani madereva waliwakubali? Kinshasa waliwekwa mwaka 2013, kazi ya mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wenzake. Mashine za alumini, zinakula jua, zina kamera. Hata Lubumbashi walifika. Watu walisema: huyu angalau haombi kitu.

DEREVA: Ndiyo, shefu. Na akiinua mkono mwekundu, anawainulia wote, hata wewe ukipita na gari lako la vioo vyeusi. Kamera ya kabini inamtazama nani mwingine zaidi yangu?

Shefu alicheka. Fundi, aliyekuwa akifuta mikono kwa mafuta ya taa, akavuta tairi kuukuu akalikalia.

FUNDI: Nyinyi mnagombana juu ya mshahara. Mimi naomba tulitazame gari lenyewe. Gari dogo la Toyota limetoka Japani, limeshuka bandarini Dar es Salaam, limepita Tunduma na Zambia nzima, limeingia Kasumbalesa. Tangu 2015 Toyota wanafunga kifurushi cha usalama hata kwenye magari ya kawaida, na sasa ndiyo yanatufikia mitumba. Tajiri analeta gari hapa: jiwe la lori limepasua kioo cha mbele. Tunaweka kioo kingine, cha bei ya hapa. Nyuma ya kioo cha ndani kuna kamera. Tunaibandika palipobaki gundi. Je, imerudi pale pale? Ikipinda digrii moja tu, kwa umbali wa mita 50 inatazama karibu mita moja pembeni. Mita moja ndiyo tofauti ya lori na mtembea kwa miguu. Kuna vifaa vya kuisawazisha, vibao vya alama na kompyuta yake. Mimi nina bisibisi na macho.

SHEFU WA MAGARI: Gari lingewasha taa ya onyo.

FUNDI: Wakati mwingine litawasha. Na onyo lenyewe limeandikwa Kijapani! Tajiri ananiuliza: fundi, hii inasema nini? Kila asubuhi akiwasha gari, mwanamke anamsemesha kwa adabu sana ndani ya dashibodi. Kumbe anamkumbusha tu kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara za Japani. Mwaka mzima mtu anaonywa juu ya kadi ya Tokyo. Mwanamke huyo siku akisema jambo la maana, nani atamsikia?

Endelea mbele, utazame pua ya gari. Kwenye magari mengine rada iko nyuma ya nembo. Nembo ikiibwa, tunanunua nyingine sokoni, inang'aa kuliko ya kwanza. Rada haipiti ndani yake. Bampa ikipondeka, tunaijaza mastiki na kupiga rangi mara tatu. Land Cruiser inafungiwa vyuma vya mbele vya kuzuia ng'ombe, na vyuma hivyo vinaweza kukaa sawasawa mbele ya rada. Nikimaliza, gari linapendeza, tajiri analipa, anaondoka akijua ana breki ya kujikanyaga. Anayo kwenye karatasi.

DEREVA: Na taa, fundi. Waambie habari ya taa.

FUNDI: Taa! Japani wanaendesha kushoto. Taa fupi za gari lao zimepindishwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto, ambako kwao ndiko kuna watembea kwa miguu. Sisi Wakongomani tunaendesha kulia. Mwanga ule unakwenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Mtengenezaji alifanya hesabu nzuri kabisa, kwa barabara nyingine. Hata ABS, breki ya kuzuia tairi zisijifunge, ambayo kwenye lami yenye maji ni rafiki mkubwa, kwenye changarawe inaweza kukuongezea umbali wa kusimama. Mimi sisemi mashine ni mbaya. Nasema imeletwa bila maelezo ya mahali macho yake yanapoishia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyatetea mimi. Tukisema "kujenga imani" tunafikiria imani ikizidi ndiyo heri. Si kweli. Dereva anayeiamini kamera iliyopinda yuko hatarini kuliko yule aliyeizima, kwa sababu aliyeizima bado anatazama mwenyewe. Tunachotaka ni imani yenye kipimo: dereva ajue kifaa kinaona nini, na ajue vilevile kisichoona. Kwenye benchi lile alikuwapo mtu aliyelijua jambo hili kuliko sisi sote, ingawa hakuna aliyemwuliza. Ni konvoya, kijana wa minibasi.

Katanga ina magari mengi ya usukani wa kulia kwenye barabara ya kuendesha kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, haoni kitu ila mgongo wa trela. Anayeona ni kijana aliyekaa kushoto.

KONVOYA: Ndiyo kazi yangu. Namtazamia yaya, kaka mkubwa, dereva. Nasema "bado", nasema "sasa", nasema "rudi".

MWANDISHI: Aliaminije macho yako?

KONVOYA: Mwanzo hakuyaamini. Nikisema "sasa", anachungulia mwenyewe kwanza, nusu ya gari iko upande wa watu. Nilimwambia "sasa" nyingi nzuri, hazikumgeuza. Kilichomgeuza ni siku moja ya vumbi. Aliniuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Yaya, sioni." Tukabaki nyuma ya lile lori mpaka vumbi likatulia. Tangu hapo nikisema "sasa", anapita bila kuchungulia.

DEREVA: Kwa sababu alijua una "sioni" mdomoni.

KONVOYA: Na kwa sababu nikikosea, mimi ndiye wa kwanza kukutana na lori linalokuja. Niko upande wake. Halafu siendi kumweleza tajiri kwamba yaya alipiga miayo.

Nani angeongeza neno hapo? Msaidizi anayeaminika amekusanya mambo matatu: anakiri asichoona, anashiriki hatari, na hana ulimi wa kwenda nao ofisini. Mashine haiwezi kushiriki hatari. Yale mengine mawili inayaweza, mwenye kuinunua akitaka.

MZEE WA RELI: Niruhusuni, wanangu. Nimewasikiliza mnamzungumzia dereva asiyeamini. Mimi namwogopa anayeamini.

DEREVA: Tuelimishe, papa.

MZEE WA RELI: Reli yetu iliwekewa umeme mapema, Likasi hadi Tenke ilikuwa 1952, mji ungali unaitwa Jadotville. Kwenye vichwa vya treni, nchi nyingi tu, kuna kanyagio ambalo dereva akiliachia, treni inasimama yenyewe. Wazo zuri: mtu akifa, mguu unalegea. Sasa sikieni ya Waterfall, Australia, Januari 2003. Dereva alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kazini. Mguu haukulegea, uzito wake ulitosha kulishikilia kanyagio. Treni ikaenda na maiti mpaka kwenye kona, ikaanguka. Watu 7 walikufa, yeye akiwa mmoja wao. Na kinga iliyotegemewa ilikuwa kanyagio hilo hilo. Ndiyo maana mfumo mzuri wa reli haukuachi tu ukanyage. Kila baada ya muda unakuuliza, nawe sharti ujibu.

Mzee hakuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa leo. Marekani walipoanza kuuza magari yanayojiendesha kwa kiasi, gari lilimtaka dereva aguse usukani mara kwa mara. Wajanja wakatengeneza uzito mdogo wa kuning'iniza kwenye usukani, gari lidhani ni mkono; mwaka 2018 idara ya usalama barabarani, NHTSA, iliagiza mauzo yake yasimamishwe. Desemba 2023 Tesla iliita magari zaidi ya milioni 2 yarekebishwe programu, kwa kuwa ulinzi wa kuhakikisha dereva yuko macho haukutosha. Mtaalamu wa saikolojia Lisanne Bainbridge alishaliona hilo mwaka 1983, akiandika juu ya viwanda: kadiri mashine inavyochukua kazi nyepesi, ndivyo binadamu anavyobaki na ile ngumu peke yake, tena bila mazoezi.

SHEFU WA MAGARI: Papa, kwa hiyo wasioamini wana kosa, na wanaoamini wana kosa. Mimi ninunue nini?

MZEE WA RELI: Nunua, mwanangu. Ila kwanza mwambie mtu kitu hicho kinashindwa wapi.

MAMA WA MAKAA: Na mimi je?

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama muda wote, kapu kichwani, akingoja baiskeli yake izibwe pancha.

MAMA WA MAKAA: Mnasema dereva aamini, tajiri aamini. Mimi napita ukingoni saa kumi na moja alfajiri, giza, sina taa. Hiyo mashine inaniona?

Shefu alitaka kujibu ndiyo. Jibu la kweli nimpe mimi, kwa sababu limepimwa. IIHS wanasema breki ya kujikanyaga inapunguza kama nusu ya ajali za kugonga gari kwa nyuma. Hilo ni jambo kubwa, na peke yake linatosha kuitetea. Kwa watembea kwa miguu, utafiti wao wa 2022 ulikuta mifumo ile inapunguza ajali kwa asilimia 27. Ila walipotenga barabara zenye giza zisizo na taa, hawakuona tofauti kati ya magari yenye mfumo na yasiyo nao. Mama, alfajiri ile, kwa mifumo iliyopimwa wakati huo, usitegemee. Na dereva anayepewa gari lile bila kuambiwa hivyo amedanganywa kwa kunyamaziwa.

MAMA WA MAKAA: Basi mwandikieni hilo kwenye usukani.

Alilipa pancha akaondoka.

SHEFU WA MAGARI: Nimesikia. Lakini kumbukumbu za usingizi nizifutie nini? Ni gari langu, ni mzigo wa watu.

Swali zuri, na kuna waliokwisha kulijibu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 kanuni namba 2019/2144, na tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa huko sharti liwe na mfumo wa kumwonya dereva aliyechoka. Kanuni hiyo hiyo inaamuru kwamba mfumo ule usirekodi mfululizo, usihifadhi zaidi ya kinachohitajika kwa onyo lenyewe, data isitolewe kwa mtu mwingine wakati wowote, na ifutwe mara tu ikishatumika. Kope za dereva wa Brussels zinalindwa na sheria. Za dereva anayeibeba kobalti ya magari ya umeme ya huyo wa Brussels zinakatiwa mshahara. Sidhani kama kuna haja ya kupandisha sauti juu ya hilo, kulitaja kunatosha.

DEREVA: Shefu, mimi sitaki kubishana na gari lako. Kidhibiti mwendo kiache, nami nina watoto. Kamera ya mbele iache. Ile ya usingizi ilie kwangu peke yangu. Ikilia mara nyingi, unipigie simu uniulize nilipolala, si nilikosea nini. Na unitafutie mahali pa kuegesha penye mlinzi kati ya hapa na mpakani.

SHEFU WA MAGARI: Mlinzi ni pesa.

DEREVA: Na kathodi?

Shefu hakujibu, akamwuliza fundi bei ya kioo.

Ningependa nieleweke: shefu huyu si mtu mbaya, na hofu yake baada ya Kabwe ni ya haki. Wala dereva si malaika. Wapo wanaoziba kamera ili wapakie abiria wa wizi juu ya mzigo. Lakini kati ya hao wawili, aliye na uwezo wa kuanza ni mwenye gari. Gari likitoka gereji baada ya kubadilishiwa kioo, aandike kwenye daftari la gari kwamba kamera haijasawazishwa, mpaka isawazishwe. Kabla ya safari ya kwanza, amruhusu dereva aujaribu mfumo uani kwa maboksi matupu, mchana, usiku na kwenye vumbi, auone ukishika na auone ukikosa. Kisha aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa cha wakili: kamera inarekodi nini, nani anatazama, inafutwa lini, na kwamba kengele ya usingizi haigusi mshahara. Ukurasa huo utiwe sahihi kabla bisibisi haijagusa dashibodi, na nakala ya kwanza apewe dereva.